Mzee wa Tarehe: Maisha ya Gervas Lodio Ekaale, 1961–2026

Ndugu, jamaa na marafiki, tunayemlaza leo katika udongo wa Leparua ni Gervas Lodio Ekaale. Wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla hamjamwona kwa macho. Kwa miaka kumi na minne, kila siku isipokuwa Jumapili, saa moja kasorobo asubuhi, ndiye aliyewaambia watu wa Isiolo leo ni tarehe gani, na tarehe hiyo iliwahi kuleta nini duniani, nchini na hapa kwetu. Kisha akawapigia nyimbo zilizokuwa zikitamba siku hiyo katika mwaka fulani wa zamani. Watoto wa shule walimwita Mzee wa Tarehe. Yeye alilipenda jina hilo, ingawa alijifanya halipendi.

Marehemu alizaliwa Isiolo mwaka wa 1961, mtoto wa pili wa Mzee Ekaale Lokwawi na Mama Apua. Wazazi wake walikuwa wameshuka kutoka Turkana miaka michache kabla, na baba akapata kazi ya kuchunga ng'ombe kwenye karantini ya mifugo nje ya mji. Mama yake alikumbuka tu kwamba alijifungua katika ile mvua kubwa ya mwaka huo, maji yakiwa yameingia ndani hadi kitanda kikawekwa juu ya mawe. Kitabu cha ubatizo kinaonyesha alibatizwa Jumapili tarehe 19 Novemba 1961. Siku yenyewe ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Marehemu aliitafuta kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliwauliza wakunga, akawauliza wazee wa karantini, akaenda mara mbili kutazama rekodi za mvua. Hakuipata. Mtu aliyejua tarehe za watu wote hakuijua ya kwake, na jambo hilo lilimkera mpaka mwisho.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1969 katika shule ya misheni mjini Isiolo, akamaliza la saba mwaka wa 1975 na kidato cha nne mwaka wa 1979. Walimu walimwandikia ripoti zinazofanana: ana akili, lakini hatulii. Mguu wake ulikuwa ukitikisika chini ya dawati hadi wenzake wakalalamika kwamba wino unamwagika. Tabia hiyo hakuiacha. Mkewe alisema hata kanisani, wakati wa mahubiri, benchi zima lilijua Lodio yuko wapi.

Siku iliyompa mwelekeo ilikuwa Jumanne tarehe 22 Agosti 1978. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa karantini akimsaidia baba yake kuogesha ng'ombe. Redio ya msimamizi ilikuwa juu ya dirisha. Ghafla nyimbo za kawaida zikakatika, ukaanza muziki mzito wa maombolezo, na baadaye ikatangazwa kwamba Rais wa kwanza wa nchi amefariki. Watu wazima wakasimama na mikono majini. Lodio, mvulana wa miaka kumi na sita, alikimbia kuchukua daftari. Akaandika tarehe, akaandika habari, na chini yake akaandika wimbo uliokuwa ukipigwa kabla haujakatwa. Baba yake alimgombeza: "Rais amekufa, wewe unaandika wimbo?" Akajibu: "Baba, hao wote wataandika Rais. Huu wimbo nani ataukumbuka?"

Tangu siku hiyo hakuacha. Alipokufa, nyumbani kwake Bulla Pesa kulikuwa na masanduku manne ya bati yenye madaftari 366, moja kwa kila siku ya mwaka, pamoja na lile la tarehe 29 Februari ambalo lilimfanya asubiri miaka minne kuandika ukurasa mmoja. Humo mna vita na uhuru wa mataifa, na pia siku daraja liliposombwa, siku umeme ulipofika mtaa fulani, siku ngamia wa nani alipojifungua mapacha.

Mwaka wa 1980 alijifunza kutengeneza redio, na mwaka wa 1982 akafungua kibanda chake karibu na soko. Alikuwa pia akirekodi nyimbo kwenye kaseti. Mteja alitaja nyimbo anazotaka, Lodio akazirekodi, na kila wimbo uliotajwa ukapata alama moja kwenye daftari la siku hiyo. Jioni alizijumlisha na kubandika mlangoni karatasi ya Nyimbo Kumi za Isiolo. Watu walikuja kubishana mbele ya karatasi hiyo kana kwamba ni matokeo ya uchaguzi. Mwaka wa 1984 wimbo uitwao "Barua ya Merti" ulikaa nambari moja kwa wiki kumi na moja, na kijana mmoja aliyekuwa na wimbo wake anaoupenda katika nambari ya pili alimshutumu marehemu kwa kuiba alama. Lodio alimletea daftari, akamkalisha kwenye debe, akamhesabisha alama zote moja moja hadi jua likazama. Yule kijana hakubisha tena. Hakurudi tena pia.

Hivyo redio ya jamii ilipoanza mjini Isiolo, hawakuwa na haja ya kutangaza nafasi ya kazi. Kipindi chake, Leo Katika Tarehe, kilianza Jumatatu tarehe 4 Januari 2010. Aliamka saa kumi alfajiri, akatembea kwa miguu kutoka Bulla Pesa akiwa na daftari la siku hiyo kwapani, chai ameiacha nusu. Mkewe anasema katika ndoa yao yote hakumwona akimaliza kikombe. Alikuwa mkali kuhusu usahihi. Mwaka wake wa kwanza mhariri alimwandikia asome kwamba binadamu alikanyaga mwezi tarehe 20 Julai. Lodio alikataa. Alisema kwa saa za huko kwao ni kweli, lakini kwa saa za Isiolo yule mtu aliweka mguu chini Jumatatu tarehe 21, saa kumi na mbili kasoro dakika nne asubuhi, wakati akina mama wa hapa wanakamua. "Mimi sisomi tarehe ya watu wa mbali," alisema. "Nasoma ya hapa." Akaisoma tarehe 21.

Katika ndoa, marehemu alijaliwa mke mvumilivu. Mwaka wa 1987 mwalimu wa chekechea aitwaye Veronika Akal alikuja kibandani kulalamika kwamba kaseti aliyorekodiwa inakatika katikati ya wimbo wa mwisho. Lodio aliirekodi upya. Wiki iliyofuata ikakatika tena. Mara ya tatu mwalimu akamuuliza, "Hii kaseti ndio mbovu ama fundi?" Fundi akakiri kwamba alikuwa akiukata mwenyewe makusudi ili arudi. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 30 Aprili 1988. Wakati wa kupiga picha bwana harusi hakuonekana. Alipatikana nyuma ya spika, akiandika ni wimbo gani uliowainua watu wengi zaidi. Mama Akal bado anayo picha ile: yeye, wasimamizi wawili, na nafasi tupu. Mungu aliwajalia watoto watatu: Achuka, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, Ekai, na Apua.

Wapendwa, wasifu mwingi ungeishia hapo na kuingia kwenye ugonjwa. Lakini kuna jambo moja ambalo marehemu aliagiza lisiachwe. Alisema, "Mkiandika mazuri peke yake, mtakuwa mmeandika mtu mwingine." Familia ilikaa vikao viwili juu ya jambo hili, na mtasikia jinsi ilivyoamuliwa.

Jumatano tarehe 12 Novemba 2014, marehemu alifungua daftari la siku hiyo na kusoma hewani, pamoja na mengine, maneno haya: "Siku kama ya leo mwaka 1986, lori lililotoka Garbatulla kuja Isiolo lilipinduka kwenye laga, mto wa msimu. Watu tisa walikufa, akiwemo dereva Sakariye Robow, ambaye alikuwa amesinzia kwenye usukani." Kisha akapiga nyimbo tano zilizoongoza wiki ile.

Wimbo wa tatu haujaisha, mwanamke mmoja alikuwa tayari amesimama nje ya kioo cha studio. Alikuwa Bi Hamdia Sakariye, anayeuza nguo kule Bulla Pesa. Alikuwa ametoka dukani mbio, mlango ameuacha wazi. Lodio alipotoka, hakumsalimu.

"Wewe ndio umesema baba yangu alilala?"

"Nimesoma kilichoandikwa, mama."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Ulikuwa kwa hiyo lori?"

Lodio akasema hapana.

"Mimi nilikuwa," akasema Hamdia. "Nilikuwa na miaka sita, nimekaa mbele na baba yangu. Hakulala. Alisimamisha lori, akakataa kuvuka, akasema maji yanakuja. Watu wakampigia kelele wanachelewa. Mtu mmoja wa shati nyekundu akashuka, akavuka laga kwa miguu mpaka ng'ambo, akapunga mkono kwamba twende. Ndio baba akaingia. Miaka ishirini na nane nasikia sokoni mimi ni mtoto wa dereva mlevi wa usingizi. Mama yangu Faduma alikufa akiambiwa hivyo. Sasa na redio pia?"

Marehemu alimwomba msamaha pale pale. Lakini alimwambia pia kwamba hawezi kusoma jambo jipya kwa kauli ya mtu mmoja, kwa kuwa la kwanza pia alilisoma kwa kauli ya mtu mmoja, na hilo ndilo lililomfikisha hapo. Hamdia akamsogelea. Akasema, "Aliyenitoa dirishani alikuwa mtu wa Garbatulla, anaitwa Adano. Kama yuko hai, enda umuulize. Lakini usikae."

Lodio hakuwa mtu wa kukaa hata bila kuambiwa. Usiku huo na uliofuata alizunguka uani. Alikuwa akijua vizuri kauli ile ya 1986 aliipata kwa nani. Aliipata kwa kaka yake mkubwa, Etabo Ekaale, aliyekuwa abiria kwenye lori lile na kunusurika. Etabo alikuja kibandani asubuhi ya pili akiwa na nguo zilizokauka na matope, Lodio akamkumbatia, kisha akachukua kalamu na kumuuliza kilichotokea. Etabo akasema dereva alilala. Lodio akaandika. Hakuuliza mtu wa pili kwa sababu aliyesema alikuwa ndugu yake.

Alifika Garbatulla siku ya tano. Mzee Adano Umuro alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Walisalimiana kwa muda mrefu, nagaa kwa nagaa, yaani amani kwa amani, wakaulizana habari za mvua na mifugo. Lodio akaeleza kilichomleta. Adano akathibitisha neno kwa neno alivyosema Hamdia. Lori lilisimama, dereva alikataa kuvuka, mtu wa shati jekundu akaenda ng'ambo na kupunga mkono. Katikati ya laga maji ya mvua iliyonyesha mbali yakafika kwa pamoja, yakalisukuma lori likalala. Adano alimvuta mtoto kupitia dirishani, na gogo likamvunja mguu.

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Nani aliniuliza? Karatasi ziliandikwa Isiolo. Mimi nilikuwa hapa nimelala na mguu. Wewe ndio mtu wa kwanza kuniuliza."

Lodio akaandika yote. Mguu wake ulikuwa ukitikisika, kalamu ikiruka kwenye karatasi. Mwisho akauliza kama mzee alimfahamu yule mtu wa shati jekundu.

Adano akamtazama usoni. Akauliza, "Wewe ulisema ni mtoto wa nani?"

"Wa Ekaale. Ekaale wa karantini."

"Basi unamtafuta nini huku? Mlinyonya titi moja. Alikuwa anapeleka mbuzi mnada wa Isiolo, anaogopa kuchelewa. Jina lake Etabo."

Marehemu aliwaambia watoto wake baadaye kwamba alifunga daftari kabla hajaliandika jina hilo, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kufunga daftari sentensi ikiwa nusu.

Kutoka Garbatulla alikuja moja kwa moja hapa Leparua, kwenye boma hili, alikokuwa akiishi Mzee Etabo. Hata nyumbani Bulla Pesa hakupita. Alimkuta akifunga zizi. Alimwambia yote akiwa amesimama.

Etabo alisema, "Maji yalikuwa ya magoti."

Etabo akaiacha kamba ya zizi.

"Naapa, Lodio, yalikuwa ya magoti. Nilivuka mimi mwenyewe. Nikapunga mkono. Kugeuka hivi, maji yamekuwa ukuta."

"Kwa nini ulisema alilala?"

"Uliniuliza ukiwa na kalamu mkononi. Wewe ulikuwa unaandika! Ningesema nini? Kwamba niliita watu tisa waingie?" Kisha akasema, "Unataka kunizika nikiwa hai?"

Marehemu alimwambia kwamba tarehe 12 Novemba itarudi mwakani, na itamkuta mmoja wao akisema. Akamwomba aje studio aseme mwenyewe. Etabo akamfukuza bomani.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu kwa nyumba yetu. Lodio alikonda. Asubuhi alisoma tarehe kama kawaida, lakini mchana alikuwa barabarani. Alimtafuta na kumpata abiria mwingine, mfanyabiashara Kiambi, ambaye alisema vilevile. Alimwendea Etabo mara tano na mara tano akarudi bila jibu. Wazee wa ukoo walimwita wakamwambia aachane na mambo ya maji yaliyopita, waliokufa hawatafufuka, na ndugu ni ndugu. Mama Akal naye alimwambia, "Utampoteza kaka yako kwa ajili ya ukurasa." Alimjibu: "Sakariye alipoteza jina kwa ajili ya huo huo ukurasa. Na mwandiko ni wangu."

Alhamisi tarehe 12 Novemba 2015 alifika studio mapema kuliko siku zote. Akamsubiri kaka yake mlangoni mpaka saa moja kasoro dakika kumi na sita. Hakuja. Marehemu akaingia, akasoma. Kanda ya kipindi hicho imehifadhiwa, na haya ndiyo maneno yake:

"Siku kama ya leo mwaka 1986, lori lililotoka Garbatulla lilisombwa na maji kwenye laga. Watu tisa walikufa. Mwaka jana niliwaambia dereva Sakariye Robow alikuwa amesinzia. Ulikuwa uongo. Dereva alikuwa macho. Alisimama, akakataa kuvuka, akavuka baada ya mtu kumwonyesha kwa mkono kwamba ni salama. Mtu huyo ni wa nyumba yangu. Aliyeandika bila kuuliza wa pili ni mimi, na nimekaa na uongo huu kwenye sanduku miaka ishirini na tisa. Bi Hamdia, binti Sakariye, unisamehe. Leo sina nyimbo."

Dakika kumi zilizobaki za kipindi zilikwenda kimya. Msimamizi wa redio alitaka kumfukuza kazi kwa ule ukimya, lakini simu zilizoanza kuingia zilimzuia. Hamdia hakupiga simu. Alikuja mwenyewe mchana na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, akaketi na Mama Akal, wakainywa pamoja. Tangu siku hiyo amekuwa mtu wa nyumba hii.

Mzee Etabo hakutaja jina la mdogo wake kwa miaka tisa na zaidi. Wakikutana mjini, alivuka barabara. Mwaka wa 2019 Mama Apua alipofariki, ndugu hawa wawili walisimama pande mbili za kaburi na kutupa udongo bila kutazamana. Mliokuwepo mnakumbuka. Marehemu aliumia, lakini hakuwahi kusema alikosea kusoma. Alisema alikosea kuandika.

Machi 2024 sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni vumbi. Alipima Meru, kisha Nairobi, akaambiwa ni saratani ya koo. Kipindi chake cha mwisho alikisoma Jumamosi tarehe 30 Machi 2024, akisimama kila baada ya mstari kunywa maji. Kuanzia Juni hakuweza kuzungumza. Akawa anaandika kila kitu kwenye vijikaratasi, na hata hapo hakutulia. Madaktari walimkataza kutembea, akatembea. Muuguzi mmoja aliagizwa amkalishe. Akaishia kutembea naye wodi nzima huku akiulizwa kwa maandishi amezaliwa tarehe ngapi.

Agosti mwaka jana, Mzee Etabo alibisha mlango wa nyumba ya Bulla Pesa. Ana miaka sitini na sita na anatembea kwa fimbo. Alikuwa ametoka Leparua tangu asubuhi. Aliingia, akaketi kando ya kitanda, akasema, "Nimesikia huna sauti." Lodio akaitikia kwa kichwa. Etabo akasema, "Mimi ninayo, na haijanisaidia kitu." Wakalia wote wawili. Kisha Etabo akamwomba msamaha. Marehemu akachukua karatasi, akaandika, akamgeuzia. Mama Akal anayo karatasi hiyo: "Mimi sina neno na wewe. Mwenye neno yuko dukani, nyumba ya nne kutoka hapa."

Mzee Etabo alikaa na ile karatasi mkononi mpaka chai ikapoa. Halafu akasimama, akatembea mpaka duka la nguo. Achuka alimsindikiza, ndiyo sababu tunayajua yaliyosemwa. Alisimama mbele ya meza, akavua kofia, akasema, "Mimi ndio nilikuwa na shati nyekundu."

Hamdia alikuwa akipima kitambaa. Aliendelea kupima mpaka akafika mwisho, akakikunja. Akauliza, "Baba yangu alikuambia nini kabla ya kuvuka?"

Etabo akasema, "Aliniita kutoka dirishani. Alisema, 'Etabo, una uhakika?' Nikasema ndiyo."

"Aliita jina lako?"

"Aliita. Tulijuana."

Hamdia akaketi. Machozi yalimtoka bila sauti. Akasema, "Basi alikuwa macho. Alikuwa macho na aliuliza." Kisha akamwambia, "Mzee, mimi nimesikia. Lakini waliotukana mama yangu hawakuwa hapa dukani. Ukipata siku, sema mbele ya watu."

Etabo alimrudishia ndugu yake jibu hilo. Lodio akaandika: "Utapata siku. Haiko mbali."

Marehemu aliendelea kudhoofika baada ya Krismasi. Alipumua mara ya mwisho Alhamisi tarehe 5 Februari 2026, saa nne asubuhi, nyumbani, mkewe akimshika mkono na kaka yake akiwa miguuni. Mguu uliokuwa ukitikisika tangu darasa la kwanza ulikuwa umetulia kwa muda wa saa nzima kabla, na hapo ndipo Mama Akal alipojua kwamba anaondoka.

Katika kikao cha kwanza cha mazishi, baadhi ya jamaa walisema habari ya laga iondolewe kwenye wasifu, kwa heshima ya wazee. Katika kikao cha pili Mzee Etabo alifika. Alisikiliza pande zote. Akasema, "Ndugu yangu alinisubiri mlangoni mwa redio sikuenda. Hapa sitakosa. Someni, na jina langu lisomwe." Kwa hiyo tumesoma. Na kwa ombi lake, sasa hivi, kabla hatujaendelea, Mzee Etabo Ekaale anasimama mahali alipo, mbele ya Bi Hamdia Sakariye na mbele yenu wote, ili awaambie kwa kinywa chake kwamba Sakariye Robow hakulala.

[Mzee Etabo anasimama na kusema.]

Ahsante, baba mkubwa. Keti.

Marehemu ameacha mjane, Veronika Akal, watoto watatu, Achuka, Ekai na Apua, wajukuu watano, kaka yake, Mzee Etabo Ekaale, wakwe, wapwa na binamu wengi, na dada aliyempata ukubwani, Bi Hamdia, ambaye familia imeomba aandikwe hapa naye amekubali. Madaftari yote 366 yatabaki nyumbani, na yeyote anayejua kosa ndani yake anakaribishwa kuja kulisema.

Lodio mwana wa Ekaale, umetembea vya kutosha. Bwana akupe mahali pa kukaa, na ukae kwa amani.